Upanga wa Moto na Tochi ya Elihuruma

Nkoaranga, Meru,
S.L.P. 61,
Usa River.
19 Julai 1996

Mpendwa kaka Hans,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Sumbawanga, wewe na shemeji Sia na huyo Princess wenu, ambaye baba mdogo Melkizedeki mpaka leo hajakubali kwamba hilo ni jina la mtu. Kifua cha shemeji kimepona? Na mgongo wako je, au bado unabeba magunia kama kijana?

Sisi huku tunaishi. Evaresta na watoto wanakusalimu sana. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Wingu linashuka kutoka mlimani mchana mweupe, linaingia mgombani, linaingia mpaka jikoni, na ukisimama mlangoni huoni zizi. Mama anaamka na kutembea, lakini habari zake ndizo zilizonikalisha niandike, kwa hiyo nivumilie nizifikie taratibu.

Kahawa imeanza kuiva, si nyingi. Siku hizi wanunuzi binafsi wanatufuata mpaka mlangoni na mizani zao, kila mmoja akimsema mwenzake kuwa ni mwizi, na mimi nawaamini wote. Ghala la ushirika limebaki na popo.

Mimi tangu kiwanda kilipotupunguza niko hapa hapa nyumbani. Asubuhi shamba, mchana sina la kufanya, na unanijua, mikono yangu ikikaa bure natafuta ugomvi. Ndiyo maana nikaanza kuchezea ufundi. Nilitengeneza redio ya mama ikanyamaza kabisa. Nikatengeneza kiti, akakikalia mgeni, tukamwomba radhi. Evaresta ananiita fundi wa vitu visivyoombwa.

Safari hii lakini niliombwa. Mwalimu Namnyaki, yule mke wa mwinjilisti aliyetokea Kisongo, alikuwa anaandaa igizo la usharika kwa ajili ya sikukuu ya mavuno: Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini, na malaika anabaki mlangoni na upanga wa moto. Adamu alikuwa amepatikana, Hawa alikuwa amepatikana baada ya kubembelezwa sana, na malaika alikuwa yule mwimba besi mrefu unayemkumbuka. Kilichokosekana ni moto. Mwaka uliotangulia walitumia panga la shambani lililozungushiwa karatasi ya sigara, na kanisa zima likacheka malaika alipoingia. Namnyaki alisema hataki kuchekwa tena. Nikamwambia aniachie mimi. Sikuwa nimewahi kutengeneza hata kisu, kaka, lakini nilitamka kama mtu aliyezaliwa na patasi mkononi.

Nilianza na mpini. Ule mti wa mringaringa wa nyuma ya zizi ulikuwa umeanguka kwa upepo, nikakata kipande, nikakipasua katikati na kuchimba pande zote mbili ili betri zilale ndani. Mpini wa kwanza ulipasuka. Wa pili niliuchimba kupita kiasi, betri zikawa zinacheza humo ndani ukiutikisa. Wa tatu ukakubali, nikautia kifuniko kwa chini cha kutolea betri. Namnyaki akanionyesha jinsi kwao Umasaini wanavyovalisha mpini wa sime: ngozi ya mbuzi inashonwa ikiwa imelowa, ikikauka inabana yenyewe. Ilibana kweli. Ulipendeza hata nikaanza kuushika wakati wa kula, mpaka Evaresta akauliza kama namlinda yeye au ugali.

Bapa lenyewe lilinitesa zaidi. Mjini kila kukicha duka jipya linafunguliwa na bango la zamani linatupwa, nikaokota kipande cha plastiki nene ile ya kupitisha mwanga. Nilikikata kwa msumeno wa chuma, nikakisugua kwa dawa ya meno kikang'aa kama maji. Nikawasha tochi kwa chini. Hakuna kitu. Mwanga wote ulipita moja kwa moja ukaenda kutokea nchani, na katikati kukabaki giza. Nilikasirika nikakitupa kwenye sakafu ya saruji, na nilipokiokota nikaona ule mkwaruzo unawaka. Basi nikachukua msasa nikaharibu kila nilichokuwa nimeking'arisha, na upanga ukawaka wote. Ningependa ungekuwepo uone sura yangu. Sijafurahi hivyo tangu nipoteze kazi.

Swichi sikununua. Nilikata ulimi wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia nikaupinda ndani ya mpini, ukibonyeza kwa kidole gumba unagusa betri, taa inawaka, ukiachia unarudi. Shika hapo, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Ule mti ulikuwa mbichi. Fundi yeyote angeniambia nisubiri ukauke, lakini sikumwuliza yeyote.

Ikabaki taa yenyewe. Tochi ya nyumbani mwanga wake ulikuwa hafifu. Mama alikuwa amekaa pale akichambua maharage, akiniangalia nahangaika. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na tochi ya Elihuruma.

Kaka, wewe mwaka jana hukuweza kufika kwa sababu ya mvua na barabara, ukapata habari kwa simu ya upepo na kwa midomo ya wasafiri. Sijui walikuambia nini kuhusu tochi hiyo. Mimi nilikuwepo Mererani machimboni, acha nikuambie nilichokiona. Shimo liliporomoka mdogo wetu akiwa chini kabisa, wengine wakatoka. Wenzake walifukua usiku na mchana, na mwishowe aliyetangulia akapiga kelele kwamba anaona mwanga katikati ya mawe. Watu walishangilia. Mimi nililia kwa furaha, nikakumbatiana na mtu nisiyemjua. Walipoyaondoa yale mawe wakakuta tochi tu, ile ya kufunga kichwani, inawaka peke yake, na mbele yake mwamba. Kesho yake maji yakajaa na kazi ikaachwa. Nilirudi nyumbani na tochi imefungwa ndani ya shati lake, na hicho ndicho tulichonacho cha Elihuruma.

Mama aliniwekea ile tochi mapajani akasema taa ikikaa bila kuwaka inaharibika. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema kama ni kwa kazi ya kanisa, mwenyewe angekubali. Basi nikatoa globu na kile kisahani chake king'aavu, nikavifunga shingoni mwa upanga, nikafunika kwa karatasi nyekundu ya pipi.

Igizo lilifana. Siku hiyo wingu lilikuwa limeingia kanisani kupitia madirishani, na malaika alipoinua upanga hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa mbele alijificha kwa mama yake. Baada ya ibada kila mtu alitaka kuushika, na baba mdogo akatangaza kwamba ufundi huo nimerithi kwake.

Niliuleta nyumbani nikautundika kwenye msumari sebuleni kwa mama.

Nikukumbushe mambo yalivyokuwa. Baba mdogo na wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Mtu asiyepatikana mwili wake, ukoo wetu humzikia mgomba mahali pake, ili jina lake lipumzike na waliobaki wapumzike. Mama alikataa mwaka mzima, na baada ya Pasaka akakubali kwamba kahawa ikishavunwa tutafanya. Mchungaji naye alikubali kuja kuomba, ingawa alisema ataomba kwa ajili ya watu na si kwa ajili ya mgomba. Mama alianza kulala. Alianza kuimba tena jikoni.

Wiki iliyofuata baada ya igizo, wingu lilishuka mchana. Nilikuwa zizini. Nilipoingia ndani nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage miguuni, anautazama ukuta. Upanga ulikuwa unawaka. Hakuna aliyeugusa. Ulikuwa unawaka wekundu ule wa kaa la moto linalopulizwa, mara unafifia, mara unapanda, na ukungu ndani ya chumba ukiwa mwekundu nao. Mama hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu ndani, funga mlango. Mdogo wako amekuja."

Nakuambia ukweli, sikufunga mlango. Nilisimama pale pale mpaka jua likarudi, na upanga ukazimika wenyewe kama ulivyowaka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Wingu likishuka, mama anaacha chochote alichoshika, anakaa kwenye kigoda. Upanga ukiwaka anauzungumzisha. Anamwambia ng'ombe gani amezaa, nani ameolewa, kwamba Hans ameandika. Anauliza maswali na ananyamaza kidogo kusubiri. Sala ya akina mama ya Jumatano aliiacha. Evaresta, ambaye ni Mkatoliki wa Rombo na ana maji ya baraka ya kila shughuli, aliyanyunyiza sebule nzima, na nadhani ndiyo yaliyozidisha unyevu.

Kwa maana kisa chenyewe nilikijua mapema. Niliufungua mpini siku ya jua nikaona. Ule mti mbichi ukinyonya ukungu unavimba, ngozi kwa nje haiuachii nafasi, basi unavimbia ndani na kuusukuma ule ulimi wa bati mpaka unagusa betri. Jua likitoka mti unakauka, ulimi unarudi. Ni hivyo tu. Nilimwita mama nikamwonyesha yote, bati, mti, betri, nikamweleza polepole. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesoma kitabu chake cha kwanza. Halafu akaniuliza, "Na ukungu nani anauleta?"

Nikarudisha kifuniko, nikautundika tena.

Betri zilipoanza kuchoka alizianika karibu na jiko, na zilipokufa alimtuma Evaresta kununua nyingine. Mama huyu huyu ambaye hata khanga mpya hataki kununuliwa. Nikamwambia, mama, kama ni yeye, betri za nini? Akaniambia hata alipokuwa hai alikuwa anakula.

Tungeweza kucheka, kaka, na mwanzoni tulicheka kidogo. Lakini aliacha kukubali mazishi. Baba mdogo alikuja kupanga siku, mama akamwandalia chakula cha loshoro vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kumzika mtu ambaye taa yake inawaka. Baba mdogo alitaka niuvunje ule upanga kwa shoka hapo hapo. Mchungaji alikuja akaomba, na wakati anaomba wingu likashuka, upanga ukawaka, na mimi nikamwona mchungaji akifupisha sala.

Siku za mawingu hazikuwa tatizo. Siku za jua ndizo zilizotutisha. Jua likiwaka mama hali. Anakaa na sahani mapajani akingoja, na sahani inapoa, na inarudi jikoni. Alikonda mpaka pete ya baba ikaanza kumvuka, akaifunga kwa uzi. Mwanzoni mwa mwezi huu tulipata jua mfululizo, watu wote wanashukuru, wanaanika kahawa, na mimi nilikuwa namwangalia mama yangu akififia kwenye kigoda. Jumapili alipotaka kusimama magoti yalimkatalia, tukamshika. Hapo nikajua kwamba tukiendelea hivi tutazika, na hatutazika mgomba.

Sikutaka kufanya kwa siri. Ningeweza kuzitoa betri akiwa amelala, lakini niliona hiyo ni kumwibia. Nilisubiri wingu. Lilishuka Jumanne ya wiki iliyopita, zito, na upanga ukawaka kuliko siku zote. Nilipiga magoti karibu na kigoda nikamwambia mama, nitauzima sasa, na sitauwasha tena, kwa sababu nakutaka wewe. Alinitazama tu. Niliutoa msumarini ukiwa bado unawaka, na sijui nikuelezeje, mpini ulikuwa wa moto. Najua, globu ikikaa inawaka inatia joto. Lakini shingoni mwa upanga ndiko globu iliko, na joto nililolihisi lilikuwa chini, mahali mkono unaposhika.

Nikafungua kifuniko, betri zikaanguka sakafuni.

Mama alizitazama zikibingirika. Kisha akasema, "Basi umemzima." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa habari. Akajifunika khanga kichwani, akaenda kulala, na mimi nikabaki nimepiga magoti pale nimeshika plastiki na mti.

Siku mbili hakutoka chumbani. Ya tatu alitoka akaomba uji, akanywa, akaomba tena. Evaresta alilia jikoni kwa furaha, akasingizia moshi. Na juzi asubuhi nilimwona mama anatembea mgombani peke yake na fimbo. Alikuwa anasimama mbele ya mgomba mmoja, anaupima kwa macho, anahamia mwingine. Mwishowe alipata mmoja akaufunga kitambaa. Nilikwenda kuutazama alipoingia ndani. Ni mgomba mchanga, umenyooka, na alikuwa amechagua uliolingana kimo na Elihuruma.

Kwa hiyo mazishi yatakuwepo. Wazee wamesema Jumamosi ya mwisho ya Agosti, na kwa kuwa baba hayupo, anayeweka udongo wa kwanza ni mtoto wa kwanza, yaani wewe. Hilo peke yake lingetosha kukuleta, na baba mdogo alidhani nitakuandikia hilo tu.

Mimi nakuomba uje kabla, na sababu yangu ni nyingine. Sijamwambia mtu, hata Evaresta.

Upanga niliurudisha msumarini, mtupu. Betri nilizitupa chooni ili nisije nikashawishika. Swichi niliing'oa. Najua kila kilichomo ndani ya mpini ule kwa sababu ni mimi niliyeuchimba, na sasa hamna kitu. Lakini wingu likishuka naacha jembe. Najikuta nimekaa kwenye kigoda cha mama. Naangalia ukuta, na kile nilichokiona Mererani kinarudi, ule mwanga katikati ya mawe na watu wakishangilia, na nasikia tena yule mtu nisiyemjua akiniambia sikioni, yuko hai, ndugu yako yuko hai. Kwa muda ule mfupi alikuwa hai kweli, kaka. Wengine wote mliambiwa kwamba amekufa. Mimi niliambiwa kwanza kwamba yuko hai.

Jana mama alinikuta hapo. Sijui alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani. Alikuja akanigusa bega, mkono wake una nguvu tena, akasema, "Aminiel, inuka. Hakuna kitu hapo."

Niliinuka kwa sababu ni mama aliyesema. Lakini usipokuja mapema, mgomba utazikwa, mama atapumzika, wote mtapumzika, na katika nyumba hii atabaki mtu mmoja ambaye bado anafukua. Njoo ukae na mimi siku chache, tuongee mambo ya kipumbavu, wingu likishuka uwepo.

Msalimie sana shemeji Sia, mwambie dawa ya kifua mama ameshaiandaa ya majani na atampa mkifika. Mbusu Princess kwa ajili ya bibi yake. Mama, Evaresta, watoto, baba mdogo Melkizedeki na Mwalimu Namnyaki wote wanawasalimu. Bwana awalinde njiani na awafikishe kwetu mkiwa wote, bila kupungua hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukungoja,

Aminiel